Tumbo Juu ya Reli

Gari la Raya lilikuwa jekundu, la milango miwili, na tumbo lake lilikaribia kugusa lami. Asubuhi hiyo alimpakia mama yake kwa mara ya kwanza. Barabara ilipokatiza reli, tumbo likakwama juu ya chuma na magurudumu yakazunguka bure. Honi ya treni ikasikika nyuma ya kona.

"Mama, shuka!"

"Kiti kiko chini mno, mwanangu. Magoti hayaninyanyui. Shuka wewe."

Raya hakushuka. Alipiga honi mfululizo. Wauza mihogo wa kando ya njia wakaacha makarai yao motoni, wakaja mbio, wakalishika gari kwa nyuma.

"Haya, inua! Sukuma! Dada, kanyaga mafuta!"

Gari likachomoka mbele, nao wakaruka kando. Treni ikapita kwa kishindo kilichotikisa vioo.

Ilipokwisha kupita, mama alimgeukia. "Utaliuza?"

Raya alipapasa usukani. Injini ilikuwa bado inanguruma, sauti nzito na tamu, na mguu wake ulikuwa palepale, ukikandamiza mafuta kidogo kidogo.