Glovu ya Mkono wa Kulia

Ummy aliingiza mkono ndani ya glovu aliyopewa na fundi, kidole chake kikagusa kitu kikavu kama gamba la kidonda.

Akautoa upesi, akaipindua glovu. Ncha ya kidole kimoja ilikuwa na ukucha wa mtu, umegandia kwenye damu nyeusi. Harufu yake ilichanganyika na ya oili, mate yakamjaa mdomoni.

"Huo wa kijana aliyekuwepo kabla yako," fundi alisema. "Alizubaa. Tangu siku ile hapa hagusi mtu mashine bila glovu. Vaa, binti. Mwenye boti katoka Mbuchi tangu alfajiri anangoja shafti ya injini yake."

Mashine ya kukereza vyuma ilikuwa inazunguka kwa kasi.

"Hakuzubaa, fundi. Ukucha umo ndani, basi alikuwa ameivaa. Glovu ndiyo iliyonaswa, ikauvuta mkono. Mashine hii hushikwa kwa mikono mitupu."

"Hayo ya chuoni. Huvai, basi nenda kwenu."

Mwaka mzima Ummy alikuwa akitafuta kazi, na hii ndiyo aliyoipata.

Fundi akaichukua glovu. Akaubandua ukucha kwa kidole gumba, akaupangusia kwenye suruali yake, akamrudishia glovu huku akitabasamu.

Ummy hakuipokea. Alikwenda ukutani akashusha swichi kubwa, na karakana yote ikanyamaza.

"Vipi, imekwisha?" mwenye boti akauliza kutoka mlangoni.

"Bado," Ummy akajibu, macho yake kwa fundi. "Yule kijana anakaa wapi? Nikamuulize mwenyewe."