Maumivu ya Mama

Kabla ya kuanza chuo cha utabibu, sheria inamtaka kila mwanafunzi abebe maumivu ya mtu wa nyumbani kwao kwa juma zima. Nilichagua ya mama, yale ya goti lake. Muuguzi alitubandika vidude vya kuhamisha maumivu shingoni, mimi na mama, akaenda zake.

Mama alisimama bila kushika meza. "Nakijwa, mwanangu, Mungu akubariki!" Akaingia jikoni kutwanga mahindi ya makande, kazi aliyoiacha tangu baba azikwe. Akaimba! Nami nilipiga pasi koti langu jeupe huku nikichechemea na kucheka. Hatimaye mama yangu amepumzika.

Kisha yakaja maumivu mengine, chini ya titi la kushoto, kama kitu kinachotafuna taratibu.

Nilikwenda mlangoni pa jikoni nimejishika kifua. "Mama, ni goti tu linalokuuma?"

Mchi ukasimama. "Nilidhani watachukua ya goti peke yake."

"Kesho tunakwenda hospitali."

"Kesho ni kesho. Leo niache nitwange, mwanangu."

Akauinua mchi. Nikauma meno, kama yeye alivyokuwa akifanya siku zote, nikamwacha aimbe.