Ukingo wa Katikati

Dereva wa lori alishindwa kuvuka barabara. Kwa kaka yake alikofikia kulikuwa upande huu, mji wote ulikuwa upande ule, na magari ya nchi hii yalitokea upande ambao shingo yake haikuzoea kugeukia. Tangu afike alikuwa akinunua mkate kioski kilekile, kisha anarudi ndani kumdanganya mkewe kwenye simu: "Mji nimeumaliza wote."

Leo alijitosa. Akafika kwenye ukingo wa katikati ya barabara, akaganda. Honi mbele, honi nyuma. Pikipiki ikampapasa suruali.

Mkono mkavu ukamshika. Bibi mmoja alikuwa amekwama hapohapo na mfuko wake wa vitunguu.

"Usiniachie, baba. Mwanangu kanileta huku juzi tu. Kasema nikitaka kuvuka nimshike mwenyeji. Mgeni mwenzangu ataniua." Akamtazama usoni. "Wewe ni mwenyeji, sivyo?"

 

"Nimezaliwa mtaa huuhuu, mama," alijibu.

Akamkaza mkono, akageuza shingo upande aliouzoea kwao, akateremsha mguu.