Beseni la Mzee

Bintiye mzee alifungua mlango wa chumba cha baba yake bila kubisha, akakuta beseni la kutapikia kando ya kitanda. Ndani mlikuwa na damu nyeusi, imegandamana kama mashapo ya kahawa. Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa amepiga magoti anapangusa sakafu.

"Baba kaanza lini kutapika hivi?"

Wifi akaacha kupangusa. Alishika ukingo wa kitanda, akajivuta akasimama, macho chini. Akasema ni leo tu, na aachiwe akalimwage.

"Halimwagwi. Linakwenda hospitali, na utalibeba wewe."

Mzee alikuwa na mwaka wa pili kitandani. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na maneno yote, kikamwachia moja: bado. Umeshiba? Bado. Una njaa? Bado. Wajukuu walicheka mpaka mbavu zikawauma, naye akicheka nao kwa nusu ya uso iliyosalia. Asubuhi hiyo hakucheka. Alinyoosha mkono wa kushoto, akamwelekezea mke wa mwanawe kidole, akasema "bado, bado" mpaka mate yakamtoka.

Muda wote huo mkamwana ndiye aliyemgeuza kila baada ya saa mbili asiote vidonda. Alimnyanyua, akamwogesha, akamlisha, ndipo akumbuke kama na yeye ana tumbo. Mumewe alikuwa kazini mbali. Bintiye mzee alikuja kila Jumapili na machungwa, akapitisha kidole juu ya kabati kutazama vumbi. Jumapili iliyopita alisema akisikia tena habari za wifi yake kuumwa mgongo, baba anahamia nyumba ya wazee.

Hospitalini walimlaza mzee, wakapandisha vyuma vya kitanda pande zote mbili, wakamtia dripu na mpira puani. Asile, asinywe hata tone la maji. Alipojaribu kuuchomoa mpira, mkono wake wa kushoto ukafungwa bandeji kwenye chuma. Akabaki na kidole tu, na hicho nacho hakikumwacha mkamwana. Akienda dirishani, kinamfuata. Akikaa, kinashuka naye.

"Mzee anakupenda," muuguzi akatania.

"Hampendi," bintiye akasema. "Anamshitaki."

Daktari alilitazama beseni kwa makini, akamwambia mkamwana akalioshe. Alirudi nalo linang'aa, akihema kama aliyepanda mlima, midomo imempauka. Bintiye aliona hofu ya mwenye kosa. Akaunyakua mkoba wa wifi yake, akamwaga vitu kitandani. Vikatoka vidonge, karatasi nne, tatu tupu.

"Unampa nini baba yangu?"

"Ni vya mgongo wangu, wifi."

Daktari aliigeuza karatasi. Akasema dawa hii ya maumivu ikimezwa kila siku, tumbo likiwa tupu, huchimba kidonda, na kidonda kikifika kwenye mshipa, damu yake huwa kama ile. Watu wote wakamtazama mzee kwa huruma.

Kipimo cha damu ya mzee kilirudi kizuri. Daktari hakukiamini, alisema siku ya kwanza kipimo hudanganya. Lazima kamera ipite kooni, waione sehemu inayovuja na kuiziba. Hakuficha kitu: kwa umri ule na moyo ule, mzee angeweza kufia mle ndani. Lakini damu ikiachwa ivuje, atakufa kwa hakika.

Bintiye akatia sahihi. Mkamwana akainuka, mkono ukutani.

"Daktari, msimpeleke. Mimi ndiye..."

"Wewe ndiye, tumeshajua," bintiye akamkata. "Kakae nje na beseni lako. Mengine utamweleza Mungu."

Akatoka akiushika ukuta. Walipomsukuma mzee kupita ukumbini, mkamwana alikuwa ameketi kwenye benchi, ameinama, kichwa mikononi. Mzee alivuta mkono mpaka kitanda kikatikisika. "Bado," alisema. "Bado, bado." Mlango ukafungwa. Bintiye akasimama ameuelekea, akaomba kwa sauti ndogo, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Walimpulizia ganzi kooni, wakaingiza kamera. Nusu saa ikapita.

Daktari alitoka anavua glavu, uso umejaa mshangao. Akasema wametafuta kila kona, kooni mpaka mwanzo wa utumbo. Hakuna kidonda. Hakuna hata mkwaruzo.

Nyuma yake kitanda kikatoka, mzee yu hai, machozi yamejaa sikio. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini kidole kilikuwa kimesimama, kimenyooka, kinaonyesha nyuma ya bintiye. Safari hii bintiye akageuka, akakifuata kwa macho mpaka kwenye benchi.

Wifi yake alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja unaning'inia. Chini ya mkono huo, lile beseni aliloliosha asubuhi lilikuwa limejaa tena.