Hakuna Anayekufa Sebuleni

Tangu ipite sheria kwamba filamu inayoingia majumbani isiwe na kifo, Tusajigwe hakuwahi kulia akashiba. Miaka kibao alisumbua watu wa luninga watoe ile filamu ya kale ya Kihindi, ya mama mfua nguo anayefia stesheni. Ilipotoka hatimaye, akaketi na leso mkononi. Mama yule akaanguka, macho yakafumbika. Luninga, kwa kutii sheria, ikamwamsha na kumpakia kwenye treni akicheka.

"Upuuzi mtupu!" Tusajigwe akafoka. "Nani kawaambia sitaki kulia?"

"Mama nawe, si afadhali amepona?" akasema binti yake, Subilaga.

"Amepona nini? Hebu weka video ya msiba wa baba yako. Ile ni yetu, hawawezi kuigusa."

Subilaga, ambaye siku ya mazishi alikuwa mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni, akaiweka. Waombolezaji wakapita kuaga, vilio vikapanda. Zamu ya Tusajigwe ilipofika, marehemu akaketi ndani ya jeneza, akajinyoosha, akaomba chai.

"Zima! Zima dubwana hilo!"

Subilaga hakuzima. Alikuwa ameshasogea hadi kwenye kioo cha luninga, anatabasamu. Mama yake akamkamata bega, akamgeuzia dirishani, kwenye kaburi la saruji kati ya migomba.

"Baba yako yule pale!"

Subilaga akalitazama kaburi, akaitazama luninga, kisha akamkazia macho mama yake.

"Sasa, Mama, mle mlimzika nani?"