Kioo cha Zahor

Mudathir alikibwaga kioo cha kompyuta juu ya kaunta kwa kishindo, wateja wote wakageuka. Akamwambia Zahor akitazame vizuri, kwa sababu ndicho kitakachomfungia duka.

Zahor, mtu mzima aliyeuza kompyuta Kipawa miaka mingi, hakupenda kufokewa dukani kwake. Akamkumbusha kuwa alimwonya: kioo cha gemu kinataka mwendo, cha kazi za michoro kinataka ukweli wa rangi, na yeye akang'ang'ania kimoja kifanye yote mawili.

"Nilitaka kimoja," Mudathir alisema. "Sikutaka cha kuniaibisha."

Na aibu alikuwa ameipata ya kutosha. Bi Mwajabu wa Vingunguti alikuwa akimwoza binti yake Jumamosi, na ukoo mzima ulishashona sare ya rangi ya damu ya mzee. Alimpa Mudathir kipande cha kitambaa ili amtengenezee bango la ukumbini la rangi ileile. Mudathir akakishika kitambaa mkononi, akaitafuta rangi yake kwenye kioo mpaka akaridhika, akatuma kazi kwa wachapaji, nao wakalipeleka bango moja kwa moja kwa mwenyewe.

Bi Mwajabu alipolikunjua barazani, lilikuwa kijani. Majirani wakauliza kama ni harusi au mkutano wa chama.

Matusi aliyoyapata Mudathir kwenye simu hayasemeki. Akaambiwa bango la pili likikosewa, hakuna nyumba Vingunguti itakayompa kazi tena, na Bi Mwajabu si mtu wa kutisha kwa maneno matupu. Wachapaji nao wakaapa kwamba mashine ilitoa kile kilichokuwa kwenye faili.

Basi mwongo alikuwa nani kama si kioo? Kabla ya hapo kazi zilikwenda vizuri. Mudathir alichora, mdogo wake Lulu akatia rangi, na sifa zikawafikia wote wawili. Lulu akaolewa, akahamia Goba, na mwezi uleule Mudathir akanunua kioo kipya kwa Zahor. Mikosi ikaanza hapo. Hata kwenye gemu, wachezaji wa timu yake huwekewa alama ya rangi vichwani ili watambulike, lakini yeye aliwamiminia risasi haohao, mpaka rafiki yake Marijani akamwita msaliti na kumtoa kundini. Mudathir alimjibu kuwa picha zinachelewa kufika.

Leo alikuwa amemwita Lulu kutoka Goba aje kuwa shahidi. Lulu alisimama kando, kitambaa cha Bi Mwajabu mkononi, akisubiri hasira za kaka yake zipungue. Hazikupungua.

Zahor alichomeka flashi ya Mudathir yenye faili la bango kwenye kompyuta iliyounganishwa na kioo cha bei ya juu kuliko vyote dukani. Bango likatokea. Akalitazama, akakitazama kitambaa, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama rangi aliyoitaka ndiyo hiyo.

"Hapo iko sawa kabisa," Mudathir alisema. "Sasa ikifika kwenye bango inakuwaje kijani? Mnatuuzia takataka, halafu mnatuona sie washamba."

Mteja mmoja aliyekuwa amesimama mbali, asikokiona kioo, akadakia kwamba siku hizi kila kitu ni feki. Mudathir akapata nguvu. Akasema atamtangaza Zahor kila kundi la WhatsApp alilomo, na kwamba mtu akikuharibia kazi amekuibia maisha. Zahor alikuwa akimtazama Lulu.

Lulu akamwomba Zahor vioo viwili vya aina moja. Vilipowashwa sambamba na bango likatokea kwenye vyote, akaingia nyuma ya kaunta, akavuta kibodi, akaanza kubonyeza taratibu kama zamani walipokuwa wakifanya kazi pamoja. Mudathir akaendelea kumfokea Zahor. Lulu alipomaliza, akampa kaka yake kitambaa na kumwambia achague.

Mudathir alikisogeza kitambaa kwenye kioo cha kushoto, akakisogeza kwenye cha kulia. Uso ukamlegea. Moyo wake ulitua kwa furaha ya mtu aliyeonewa na sasa haki yake imeonekana.

"Haya ndiyo mambo," alisema. "Hivi vyote viwili vinasema kweli. Damu ya mzee tupu. Si mngenipa hivi tangu mwanzo, bwana Zahor?"

Yule mteja aliyedakia alikuwa amesogea kuangalia. Akarudi nyuma polepole.

"Kaka," Lulu alisema, "kimoja hapo nimekiacha kijani. Nionyeshe ni kipi."