Kioo Ndani ya Muundi

Kazi ya Shaweji ilikuwa kukata vioo vya madirisha, na mara nyingi mkewe alimtoa vipande vidoleni kwa sindano. Ndiyo maana daktari aliposema ataziba kwa kioo tundu lililochimbwa na usaha kwenye mfupa wa muundi wake, Shaweji alicheka.

"Daktari, nyama na kioo havipatani."

"Cha dirisha, kweli. Tazama hivi."

Daktari Mwanaidi alimwekea mezani vichupa viwili vyenye maji yaliyofanana na majimaji ya damu. Katika kimoja, kipande cha dirisha kiling'aa vilevile. Katika cha pili, kioo cha aina nyingine kilikuwa kimefifia na kuvaa utando mweupe. Shaweji alikitoa, akakisugua kwa kidole gumba. Utando haukutoka. Alipopitisha ukucha, ulikwaruza kama juu ya jino.

"Hiki kimeharibika. Hakuna mteja angekipokea."

"Mfupa utakipokea. Huo utando umefanana nao, kwa hiyo mfupa unaota juu yake, na kioo kinayeyuka polepole."

"Usipoota?"

"Tutakata mguu."

Shaweji akapandisha suruali.

"Haya, weka."

Mwaka uliofuata aliingia kliniki bila gongo la kutembelea. Daktari alimpa picha ya eksirei. Shaweji aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akautafuta kwa kidole ukingo wa kile kioo, akaufuata kidogo, ukampotea, akaanza tena kutoka juu.